Kisima Kilikuwa cha Nani?

(Mhadhara uliotolewa Mombasa, jioni waliyokutana watoto wa zamani wa mtaa mmoja wa Majengo)

Assalaamu alaikum, na kwa wengine wote habari za jioni. Nimepewa dakika thelathini. Aliyenipa nilimfunza hesabu mwenyewe, kwa hivyo nazijua thelathini zake.

Tangu saa kumi nimekaa pale nyuma nawasikiliza. Nimesikia Feisal wakibeba ligi ya mwaka 1965 mara nne, na kila mara mabao yanazidi. Nimesikia sinema ya Regal, nimesikia ya Naaz, na nani aliingia bila tikiti kwa kujibanza nyuma ya mzee mnene. Muuza kahawa na dele lake nimemsikia, vikombe vyake vikigongana. Viazi vya karai, usiseme. Nimecheka, walahi. Lakini yakhe, saa mbili nzima hakuna hata mmoja wenu aliyeingia ndani ya nyumba! Mtaa mmeuzunguka kwa nje kama karani wa sensa aliyekuta milango yote imefungwa.

Naona kule kona mnaguguna: mwalimu kaanza uani wake. Ndiyo, nimeanza. Na mwakani mkinialika nitaanza tena, mpaka mwingie nami.

Nyumba ya Majengo sina haja ya kuwaeleza, mmezaliwa humo. Baraza, ukumbi, vyumba vitatu huku na vitatu huku, uani. Ninachouliza ni kimoja: mbona kumbukumbu zenu zimeketi barazani na hazinyanyuki?

Kuna kisa nimekisimulia sana. Wanaokijua wanywe maji, wasubiri.

Siku moja wenzetu watano, wote wanaume, wote wamo humu ukumbini na sitawataja, walikutana nyumbani kwa mmoja wao Tudor wachore ramani ya mtaa kama ulivyokuwa tukiwa wadogo. Wazo zuri, nikasema nami nije. Wakatandika karatasi ya kaki chini, kubwa kama mkeka, wakashika kalamu. Basi ikawa kazi! Msikiti huu hapa. Duka la Mhindi hili hapa. Uwanja wa mpira wakauchora mkubwa kuliko Tononoka yote. Mahali alipokaa fundi cherehani pakawatesa karibu saa nzima: alikuwa chini ya mwembe au mkabala na mwembe? Watu wazima, wana wajukuu, wanatoleana macho kwa sababu ya fundi cherehani. Nyumba zenyewe wakazichora visanduku. Visanduku vitupu, vimepangwa foleni.

Mwenye nyumba alikuwa amemwalika na bibi mmoja, jirani yetu wa zamani, yule aliyekuwa akipika mahamri. Mtaa mzima mmekula mahamri yake. Bibi macho yamepungua nuru lakini ulimi uko kazini. Akaletwa na bintiye, akakalishwa, akaelezwa: bibi, huu ni mtaa wetu. Akauliza, "Njia yangu iko wapi?" Kijana mmoja (namwita kijana, ana miaka sabini) akamshika kidole akakipitisha kwenye barabara. Bibi akakivuta kidole chake. "Mie nilipita barabarani lini?"

Kimya.

Akaomba arudishwe kwenye kisanduku cha nyumba yake. Kidole ni chake, kalamu nimeshika mimi, namfuata. Kutoka uani kwake kulikuwa na ua wa madebe yaliyopasuliwa, na debe moja lilikuwa halikupigiliwa misumari chini. Unaliinua kama pazia, umeshaingia nyumba ya pili. Hapo kuna kisima. Pita kushoto, kwa sababu jiwe la kulia lina ukungu na limeshavunja mtu mguu. Nyumba ya tatu ua ni wa makuti, mlango ni gunia. Ya nne kuna mbuzi aliyefungwa kamba ndefu, kwa hivyo beseni ubebe juu ya kichwa, si mkononi. Ya tano, ya sita, ya saba, unatokea nyuma ya msikiti, na barabara hujaiona hata kwa jicho. Nyumba saba! Ramani yao yote ya kaki ikawa na mstari mmoja mwekundu unaokata katikati ya visanduku, na wale watano wanautazama kama watu walioambiwa chini ya kitanda chao kuna mto.

Bibi hakuishia hapo. Akaanza kuhesabu. Unga aliukanda usiku kwa tui na iliki, ukaumuka, akawasha jiko kabla ya adhana ya alfajiri, na kulipopambazuka beseni limefunikwa leso liko njiani. Nyumba ya pili, chumba cha kwanza, mahamri manne na mbaazi. Chumba cha tatu, sita. Mama mmoja wa Kigiriama, nyumba ya tatu, kumi, kwa sababu ana wageni wa shamba kila mwezi. Mkamba mshona viatu, mawili, hana mke. Na kuna chumba kilichukua kumi siku zote, kisha ghafla yakawa manne. "Meli hazikuingia," akasema bibi. Mwanamume wa chumba kile alikuwa kibarua wa Kilindini. Akipata kazi bandarini, kumi. Akikosa, manne, na hayo manne ni ya deni.

Mimi ni mwalimu, nimesoma vitabu vya bandari ya Mombasa, tani zilizoshuka na tani zilizopanda. Sijawahi kuielewa bandari ile kama nilivyoielewa kwa yale mahamri manne. Yule bibi alijua nani kafukuzwa kazi kabla mkewe hajajua. Alijua nani amepata mimba, maana alianza kutaka achari ya embe saa kumi na mbili asubuhi. Na haya yote hayakuandikwa popote, na wale wajuzi wetu watano walikuwa wamemweka ndani ya kisanduku kitupu wakaenda kumtafuta fundi cherehani.

Sasa sikieni utamu wake. Mmoja wao, msemaji sana, akasema, "Sisi hatukuijua njia hiyo, bibi, hiyo ilikuwa ya wanawake." Bibi akageuza uso kuelekea ile sauti. "Si wewe uliyekuwa ukinibebea beseni? Na kila siku, nyumba ya nne, hamri moja lilikuwa halifiki. Nikidhani ni mbuzi." Mtu mzima akainama. Miaka yote hiyo amesingiziwa mbuzi wa watu.

Kwa hivyo asiniambie mtu kwamba uani mlikatazwa. Mlikatazwa mlipoota masharubu. Kabla ya hapo mlikuwa mkizurura humo matumbo wazi, mkitumwa kata, mkitumwa mbuzi ya kukunia nazi, huyo mbuzi mwengine asiyeiba. Mlicheza kibe nyuma ya mapipa ya maji. Mlioshwa kisimani mbele ya kadamnasi. Mmeyasahau kwa kuwa mlipotolewa nje kwenda kukaa na wakubwa mliona mmepandishwa cheo, na mtu akishapandishwa cheo huwa hapendi kukumbuka alikotoka.

Kuna mzee hapa mbele ananikunjia uso. Najua analotaka kusema: baraza ilikuwa chuo. Ilikuwa, mzee wangu, sikatai. Mashairi ya Muyaka niliyajua kwa kuwasikia nyinyi mkiyasoma barazani, mimi niko nyuma ya dirisha nachambua mchele. Siasa zote za 1963, Mwambao ubaki na Kenya au ujitenge, nilizisikia papo hapo dirishani, na mchele ule ulikuwa na mawe siku hizo maana akili haikuwa kwenye ungo. Lakini baraza haikuelea hewani. Ilishikana na nyumba, na nyumba ilikuwa ya mtu. Ya nani?

Na hapa ndipo kumbukumbu tamu zinapotugharimu pesa. Nyumba nyingi za mtaa wetu zilikuwa, na nyingine ziko mpaka leo, nyumba bila ardhi. Kuta na bati ni zako, udongo ulio chini ni wa mwingine, na kila mwezi unamlipa mwenye udongo. Mambo haya yana mizizi katika ile sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908: aliyejua kwenda kudai akaandikiwa, asiyejua akaamka mpangaji juu ya ardhi aliyoikalia. Na wenye kuta hizo, hesabuni wenyewe, si wachache waliokuwa wanawake. Mama alijenga chumba kimoja, akapangisha, akajenga cha pili kwa kodi ya kile cha kwanza. Risiti za udongo alizitia kwenye mkebe wa biskuti chini ya kitanda. Leo mwenye udongo anauza, ghorofa linakuja, na mjukuu anatakiwa aonyeshe nyumba ya bibi yake ilianzia wapi ikaishia wapi, nani alipanga, kodi alipokea nani. Anakuja kwenu wazee wa mtaa mumtolee ushahidi. Mnamwambia nini? Feisal ilifunga ngapi? Hili nimeliona kwa macho, jirani yangu alikosa hata shahidi mmoja aliyeweza kusema uani kwao kulikuwa na vyumba vingapi. Barazani kwao walikaa watu ishirini kila jioni.

Nilitaka kuzungumza maji, lakini nitaruka. Kwa ufupi: maji ya chemchemi za Mzima yanatoka Tsavo, zaidi ya kilomita 200, yanafika mferejini, na bado kisima chetu cha maji ya chumvi ndicho kilichofua nguo za mtaa. Leo mikokoteni ya mitungi inapita milango ile ile. Mengine tutaongea tukiwa na siku nzima.

Na lelemama, ngoma ile ya wanawake! Mwenyekiti, usinionyeshe saa, nimeiona. Banu Saada na Ibinaal Watan, vyama vya mama zenu na bibi zenu, vilishindana mpaka watu wakaweka rehani dhahabu ili wapendeze. Na mwishoni mwa miaka ya 1950 wanawake wa Kiarabu wa mji huu wakaandika ombi wapewe haki ya kupiga kura. Watu husema fikra hizo zilitoka barazani. Hapana, bwana. Sitapata muda wa kuwathibitishia, na leso sitazigusa kabisa, ingawa nimekuja na tatu ndani ya mkoba.

Basi tufanye kazi. Ile karatasi ya kaki nimekuja nayo. Tandikeni hapo chini, sogezeni viti. Mnaona mstari mwekundu? Nyumba ya pili, hapa penye duara. Kisima hiki bibi alikitaja, lakini mwenye kisima hakumkumbuka jina, na mwaka huu hali yake si ya kumsumbua kwa maswali. Wewe bwana wa kanzu hapo mlangoni, usitoke. Kwenu ilikuwa ukuta kwa ukuta na hii nyumba. Umeoshwa hapo, nimekuona kwa macho yangu. Kisima kilikuwa cha nani?

(Sauti kutoka mlangoni: "Mwalimu, mimi sijui. Labda dada yangu mkubwa, yuko Kisauni.")

Simu unayo? Mpigie. Weka sauti nje tusikie sote.