Mangwe Iliyofungwa na Mashahidi Wake

Wazee wangu, mama zangu, vijana, asanteni. Wanaonijua wameshakisia nitasema nini, na huko nyuma naona wameanza kucheka. Chekeni tu.

Ile mangwe, kilabu cha tembo la mnazi, ya njia ya Ganda huku Malindi imefungwa. Makuti yameoza, kimebaki kiunzi na lile benchi la gogo la mnazi. Najua kuna atakayesema: Mwalimu, wewe mtu wa msikitini, tembo lakuhusu nini? Halinihusu. Sijalionja. Mkate wa kumimina uliochachushwa kwa tembo, huo nimeula, na nyinyi mmeula, msijifanye.

Ninachosema ni kwamba mangwe ilikuwa ofisi ya ardhi. Kwetu mnazi huuzwa peke yake, bila shamba lake. Mtu hulima mihogo chini ya minazi ya mwenzake, na mwenye minazi akaiweka rehani kwa mtu wa tatu. Nani akumbuke yote hayo? Wazee. Nao huitwa kwa kadzama, tembo la kuwaita wazee, hawaitwi mikono mitupu. David Parkin, aliyefanya utafiti kwa Wagiriama miaka ya 1960, aliandika mwaka 1972 jinsi mauzo ya minazi na mashamba yalivyotegemea wazee mashahidi, na tembo likiwa katikati.

Mimi nililiona jambo hilo nikiwa mtoto, nimetumwa kumwita babu. Wanaume wawili wanagombania mnazi wa mpakani, wamefikia kutajana mama. Mwenye mangwe, mama mmoja mnene wa sauti ndogo, amekumbatia kibuyu, hamimini. Mzee mmoja akasema bila kuinua macho: "Kautazameni. Vidato vyake vya kupandia vimekaribiana. Aliyevikata alikuwa mgema mfupi, na mgema mfupi alikuwa wa baba yake huyu." Tukatoka sote mbio. Vidato vya mnazi wa jirani vilipishana kwa kimo cha kiuno changu. Vya ule, hata mimi ningepanda. Kesi ikaisha, kibuyu kikamiminwa. Leo kesi kama ile inaahirishwa mahakamani mpaka wenyewe wanazikwa.

Mtaniambia kuna hati. Ile sheria ya hati za ardhi ya pwani ya 1908, Mijikenda wangapi, yaani Wagiriama na ndugu zao wa pwani, walitoka nayo na hati mkononi? Msinianzishe, hatutalala.

Kwa nini ikafungwa? Sheria ya vileo ya 2010 iliruhusu vinywaji vya kienyeji kwa leseni, vyema. Lakini siku za kazi watu wanywe kuanzia saa kumi na moja jioni. Aliyeandika hivyo alikuwa akifikiria chupa! Tembo halina kizibo. Linagemwa alfajiri, jioni limeshakuwa kali, likilala linaelekea kuwa siki. Mgema akishuka na kotama yake, kisu cha kugemea, asubuhi, kibuyu akiweke wapi? Kisha ikaja bia ya keg, ile ya mapipa, kisha bodaboda zikachukua vijana wa kukwea minazi, hayo mnayajua.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilikuwa na ukurasa mzima juu ya akina mama waliosomesha watoto kwa pesa ya mangwe, itabidi ungoje. Wazee waliokuwa wakiitwa kushuhudia bado wapo wachache, na simu mnazo mifukoni. Karekodini. Vidato navyo vipigeni picha, kabla minazi haijakatwa mbao. Na anayetaka kuniambia habari ya haramu, anisubiri hapo mlangoni.