Kufunga Mpira wa Themostati Bila Kuvuja

Karibuni tena, watazamaji wangu. Leo tunafunga mpira mpya wa themostati (valvu inayofunguka injini ikipata joto ili maji ya kupozea yapite) kwenye Toyota Vitz yenye injini ya 1NZ-FE, kazi ninayoipenda kuliko kubadilisha breki, kwa kuwa hapa kosa la upana wa unywele hukuumbua kabla mwenye gari hajafika kwake. Injini imepoa kabisa, kulanti, yaani maji ya kupozea injini, imo kwenye beseni, na nati mbili za kifuniko, za spana namba 10, nimekwisha kuzifungua.

Mpira wa zamani huu hapa: umekuwa bapa, umekakamaa, na nikiukunja unapasuka. Ukoko mweupe uliobaki kwenye kikalio, pale themostati inapokaa, ninaukwangua kwa kipande cha plastiki, si kwa bisibisi, maana aluminiamu ni laini na mchubuko mmoja ni njia ya maji.

Mpira mpya una mfereji kwa ndani, na ukingo wa themostati lazima uingie humo pande zote. Usipake grisi wala oili, kwa sababu mpira wa aina hii hunyonya mafuta, ukavimba na kulegea. Silikoni ya gasketi, ile gundi ya kuziba viungo, nayo iache dukani, kwani mabaki yake hukatika yakaenda kuziba rejeta. Mimi hulowesha kidole kwa kulanti nikaupitisha juu ya mpira, basi.

Sasa tunapunguza mwendo. Springi inaelekea ndani ya injini, na kile kivalvu kidogo kinachochezacheza kinakaa juu ili hewa ipite. Unapoisukuma themostati mahali pake, mpira hupenda kuchomoka kwenye ukingo upande wa chini, usikoona. Niliwahi kufunga nikiwa na haraka, mpira ukabanwa nusu, na mteja akarudi jioni gari likichemsha. Nilinunua mpira wa pili kwa fedha yangu. Kwa hiyo zungusha kidole pande zote kabla ya kuweka kifuniko.

Ngojeni kidogo. Kamera imeonyesha jambo ambalo mimi sikuliona: hapo chini mpira umenyanyuka. Ninaitoa themostati, ninaupachika upya, ninaingiza tena, na kidole kinazunguka tena. Sasa umekaa.

Wapo mafundi wanaoitupa themostati kabisa ili gari lisichemshe; injini huchelewa kupata joto na hula mafuta zaidi, nami sikubaliani nao.

Nati zikazwe kwa zamu, kidogo kidogo, hadi nyutoni mita 9 tu (kipimo cha nguvu ya kukaza), kwa sababu nguvu ya ziada huuponda mpira badala ya kuzuia maji. Jaza kulanti, washa injini mfuniko wa rejeta ukiwa wazi, hewa itoke kwa mapovu, kisha funga kabla maji hayajapata moto sana. Feni imekwisha kuwaka. Ninapitisha tishu kavu chini ya kiungo, nayo imetoka kavu.