Mtazamaji Mpeni Nafasi ya Jirani

Wanafunzi wangu, na walimu wenzangu mliokaa nyuma kule, asanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumzie maonyesho yanayomwingiza mtazamaji ndani ya mchezo, hasa yanapogusa manusura wa ukatili wa nyumbani. Nina ugomvi mmoja nanyi. Mkipewa mada hii, wengi mnakimbilia kumfanya mtazamaji awe mke anayepigwa. Mnamfungia gizani, mnampigia kelele, anatoka analia. Kulia kumemfunza nini? Woga wa miaka hauonjwi kwa dakika kumi. Mpeni nafasi ambayo maishani ameshakuwa nayo: jirani.

Chukueni nyumba ya Kiswahili ya hapa Dar es Salaam. Korido katikati, vyumba huku na huku, uani jiko na choo cha wote. Nyingi hazina dari, ukuta haufiki kwenye bati, mpangaji wa chumba cha tatu akikohoa unamsikia. Wagaweni watazamaji vyumbani, wawili wawili, wakae kitandani. Sauti za ugomvi wa mke na mume zianze chinichini kwenye chumba kimoja. Mara redio ya chumba kile inaongezwa, na mnajua kwa nini. Halafu mwigizaji aliyekaa na watazamaji naye anaongeza ya kwake. Hasemi kitu. Hapo ndipo pa kufanyia mazoezi wiki nzima.

Asubuhi wote wako uani, wamepewa sinia wachambue mchele. Dada wa chumba kile anatoka, kajitanda khanga mpaka kwenye jicho, anachota maji. "Mmeamkaje, jamani?" Msimwandikie mtazamaji jibu. Watu wazima, wenye vyeo vyao, hujibu "salama" huku macho yako kwenye mchele.

Kumwita mtazamaji aingilie kati si jambo jipya. Augusto Boal, mwongozaji wa tamthilia wa Brazil, alisimulia kwamba mwaka 1973, akiwa Peru, mama mmoja katika hadhira alichoshwa na waigizaji waliokuwa wakimsamehe mume mwongo kirahisi. Akaitwa jukwaani, akamcharaza mwigizaji kwa ufagio. (Ndiyo, cheka tu: mbinu tunayopingia kipigo ilizaliwa na kipigo.) Kwetu, mwaka 1996, Penina Mlama na Amandina Lihamba wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianzisha mradi wa Tuseme, wasichana wa sekondari wakaigiza wenyewe yanayowakwaza shuleni, pamoja na kusumbuliwa kingono.

Kwa hiyo mtazamaji akisema "aende polisi", msimpigie makofi. Mpelekeni. Wekeni kaunta, askari wa zamu, fomu ya PF3 anayopewa majeruhi aende nayo hospitali, usiku umekwenda na mtoto yuko mgongoni. Akisema "amwache tu", aulizwe huyo dada analala wapi leo, maana mara nyingi hatari huzidi pale mwanamke anapoondoka. Atakayesema ya ndoa hayaingiliwi, asomewe kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya 1971: hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga. Sheria ina zaidi ya miaka 50, na bado watu hushtuka kama vile imepitishwa jana.

Sasa manusura wenyewe. Simulizi zao zichanganywe, mtaa na kazi vibadilishwe, na wawe na haki ya kufuta mstari wowote hata siku ya onyesho. Anayetaka kuigiza aigize, lakini si mtaani kwake. Awepo mshauri nasaha, na mlango wa uani usifungwe, anayetoka asiulizwe.

Kuna aliyeniuliza pale mlangoni kama wanandoa waje pamoja. Waje, ila wapangeni vyumba tofauti, na uani wasikae sinia moja. Mke akijibu mbele ya mumewe, hamtajua amejibu nini, na huenda jibu hilo akalilipia wakifika nyumbani.