Mpira Laini Siyo Lazima Utulize Mtetemo

ZUHURA: Karibuni tena. Leo tunarekodi Sinza, Dar es Salaam, umeme umekatika, na jirani kawasha jenereta. Mkisikia mngurumo msituandikie malalamiko, ndiyo mada yenyewe. Kaka Baraka, kwa nini likizimwa ndipo linarukaruka kuliko lilipokuwa linafanya kazi?

BARAKA: Jenereta dogo la petroli kwa kawaida linazunguka mara 3,000 kwa dakika, yaani 50 kwa sekunde. Fremu ikikaa juu ya miguu yake ya mpira ina mtetemo wake wa asili, na huo uko chini ya hapo. Ukizima, mzunguko unashuka na lazima uupitie. Vikikutana, ndiyo vurugu unayoiona. Mpira unaonyonya nguvu unaipunguza.

ZUHURA: Si mpira ni mpira? Mtaa wa Gerezani hapa Dar, fundi anabonyeza maunti ya injini, ile miguu ya mpira inayoibeba, kwa dole gumba, akiona laini anakwambia, "Dada, hii ndiyo yenyewe."

BARAKA: Dole gumba linapima ulaini tu, unyonyaji haliujui. Shika hivi vitufe viwili. Bonyeza.

ZUHURA: Sioni tofauti.

BARAKA: Angusha.

[Mdundo mmoja mrefu. Kishindo kifupi.]

ZUHURA: Heh! Hiki kimelala palepale.

BARAKA: Kilichodunda ni mpira wa asili, wa utomvu. Kilicholala ni butili, jamii ya mpira wa tyubu nyingi za magari. Nguvu ya kuanguka imegeuka joto humo ndani. Sasa nakichovya kwenye maji ya moto ya chai yako, samahani lakini. Tukisubiri kidogo… angusha tena.

[Mdundo.]

ZUHURA: Kimedunda! Na chai yangu ndiyo basi tena.

BARAKA: Kila polima, yaani kitu kama mpira au plastiki chenye molekuli ndefu kama minyororo, ina eneo lake la joto ambapo inatoka kwenye ugumu wa kioo kwenda kwenye ulaini wa mpira. Katikati ya safari hiyo molekuli zake zinasogea kwa uzito, zinasuguana, zinakula mtetemo. Ikipata joto zaidi zinasogea kwa wepesi na kukurudishia nguvu yako. Polima moja peke yake mara nyingi inafanya kazi vizuri ndani ya upana wa nyuzi 20 au 30 tu. Na mtetemo ukiwa wa kasi zaidi, eneo lenyewe linapanda kwenye joto la juu zaidi.

ZUHURA: Kwa hiyo kifaa kilichopangiwa baridi ya Ulaya, ukikileta Dar, tena kando ya injini…

BARAKA: Kinaweza kuwa kizima kabisa na kisikusaidie kitu. Hapo ndipo zinaingia polima zilizofumana. Fikiria nyavu mbili pale soko la samaki la Feri, kila moja ina mafundo yake, hazijafungwa pamoja, lakini zimesukwa moja ndani ya nyingine, huwezi kuzitenganisha bila kukata uzi. Ndivyo ilivyo polima iitwayo poliyurethani ndani ya nyingine, epoksi au akriliki.

ZUHURA: Basi moja inashughulikia baridi, nyingine joto.

BARAKA: Ingekuwa rahisi hivyo ningekuwa tajiri. Zikikataa kuchanganyika unapata sehemu mbili nyembamba za kunyonya, na katikati bonde ambalo hakuna kitu. Zikichanganyika kabisa, zinakuwa kama polima moja, unarudi ulikotoka. Unachotaka ni zichanganyike nusunusu: hapa nyingi ya hii, pale nyingi ya ile, kwa vipande vidogo mno. Kila kipande kina joto lake, na jumla yake unapata uwanda mpana. Wataalamu wana kipimo kinaitwa tan delta, kinachoonyesha kitu kinanyonya mtetemo kiasi gani. Wengi wanataka kivuke 0.3 kwenye uwanda wote huo.

ZUHURA: Ni jambo jipya?

BARAKA: Wala. Jonas Aylsworth, mkemia aliyefanya kazi na Edison, alipata hataza mwaka 1914 kwa kuchanganya resini ya fenoli na mpira. Jina la kitaalamu la polima zilizofumana lilikuja na mtafiti Millar mwaka 1960. Kwenye kuzima mtetemo, aliyelishikia bango ni Leslie Sperling wa Chuo Kikuu cha Lehigh, Marekani.

ZUHURA: Basi tuweke hiyo kila mahali tulale.

BARAKA: Hapana, dada. Jenereta likishafika kwenye kasi yake, mpira unaonyonya mno unapitisha mtetemo mwingi zaidi kwenye sakafu. Pale unataka laini yenye unyonyaji wa kiasi. Ila kwenye bati la mlango wa gari au kava la mashine, linalolia lenyewe, bandika bila huruma, na juu yake weka karatasi nyembamba ya chuma. Ile tabaka ya katikati inasuguliwa pande zote mbili, inakula zaidi.

ZUHURA: Na msikilizaji aliye dukani Kariakoo sasa hivi, aulize nini?

BARAKA: Aulize inafanya kazi kuanzia nyuzi ngapi hadi ngapi. Muuzaji akimwonyesha kwa dole gumba, ajaribu duka la pili.