Moto wa ndege ndogo: kagua injini kabla hujawasha

Karibuni watazamaji. Leo tupo uwanja wa ndege wa Mtwara, asubuhi na mapema, na hii hapa ni Cessna 172 ya zamani kidogo, yenye injini ya kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Tunaikagua kabla ya kuruka, lakini leo tunatafuta kitu kimoja tu: kinachoweza kuwaka. Matairi na mabawa yana siku yake. Mnaojifunza urubani, kaeni na kitabu cha ndege yenu mkononi, maana mashine zinatofautiana.

Anzia ndani. Ufunguo umetolewa? Swichi kuu imezimwa? Kitasa chekundu cha miksha, kinachopunguza au kukata petroli ya injini, kimevutwa mpaka mwisho? Vizuri. Hata hivyo, pangaboi usiliamini. Waya unaozima magneto, kile kifaa kinachotoa cheche za injini, ukikatika, injini inaweza kushtuka huku ufunguo uko mfukoni mwako. Tazama pia mtungi wa kuzimia moto: mshale uwe kwenye kijani, na uweze kuufikia ukiwa umefunga mkanda. Mtungi uliofukiwa chini ya mizigo ya abiria ni pambo.

Sasa njoo mbele, ila usifungue kitu. Inama kwanza. Mdogo wangu, shusha kamera hapa, kwenye lami chini ya injini. Tone la oili liko hivi, jeusi, linateleza ukilisugua kwa vidole. Petroli ya hizi ndege, avgas 100LL, hutiwa rangi ya bluu. Ikivuja kidogo kidogo hewa inaikausha, husikii hata harufu, lakini ile rangi inabaki. Kwa hiyo pitisha tochi kwenye kabureta, kwenye viungo vya mabomba, na chini ya boneti. Ukikuta doa la bluu, usichukue kitambaa ukafuta. Liache hivyo hivyo, mwite fundi alione. Ukilifuta umempotezea ushahidi, na uvujaji uko palepale.

Ingiza tochi kwenye matundu ya hewa, kulia na kushoto kwa pangaboi. Mnaolaza ndege nje, Kilwa Masoko au Nachingwea, hapa msifanye haraka. Shomoro anaweza kuanza kujenga wakati wewe unakunywa chai, na kwa saa chache tu majani makavu yakawa yamejaa juu ya silinda. Majani hayo yanazuia hewa ya kupoza injini, halafu silinda ikichemka yanashika moto. Ukivuta ujani mmoja usiseme umemaliza. Fungua boneti, kwa sababu kiota chenyewe hukaa nyuma, tochi isipofika. Vile vizibo vyekundu vya matundu watu huviona usumbufu. Mimi naviona ni bima ya bei rahisi kuliko zote. Ila uvitoe kabla ya kuwasha!

Bomba la moshi: tafuta ufa, na doa la kijivu au jeupe kwenye maungio. Hiyo ni alama ya gesi ya moto inayopenya. Huku pwani hewa ya chumvi inakula klampu, kwa hiyo zitikise, zisicheze. Oili ikidondokea kwenye bomba lenye joto inaweza kuwaka. Hakikisha kifuniko cha oili kimekazwa baada ya kupima.

Hapo hapo kwenye kidirisha cha dipstiki, kijiti cha kupimia oili, kuna kitasa cha kumwagia chujio la mafuta. Kivute kama sekunde 4, kinga mafuta kwenye kopo linalopitisha mwanga. Maji hukaa chini. Ukimaliza, inama tena: je, kile kibomba kimeacha kudondosha? Wengi husahau hapa, wanawasha injini juu ya petroli waliyoimwaga wenyewe.

Tuwashe. Injini ikigoma, usizidishe praima, ile pampu ya mkono ya kuingizia petroli kabla ya kuwasha. Mafuta yaliyozidi ndiyo huwaka kwenye kabureta. Ukiona moshi au moto wakati wa kuwasha, usikurupuke kutoka. Endelea kuzungusha starta, moto uvutwe ndani ya injini. Injini ikiwaka, ikimbize mizunguko 1,700 kwa dakika chache, kisha uizime. Ikikataa, sukuma kitasa cha nguvu mpaka mwisho, vuta miksha, endelea na starta wakati mwenzako anachukua mtungi. Kisha zima swichi kuu, zima magneto, funga vali ya mafuta, tokeni.

Angani, mpangilio ni mwingine: miksha nje, vali ya mafuta funga, swichi kuu zima, joto la ndani funga, halafu unatafuta pa kutua.

Na hata moto ukizimika wenyewe pale pale chini, ndege hiyo hairuki tena leo. Andika kwenye kitabu cha hitilafu, ondoa ufunguo, iache mpaka fundi mwenye leseni aifungue na asaini.