Ukurasa wa Ngapi?

Shikamooni wazee wangu, na nyie wa huko nyuma mambo vipi. Mniwie radhi nimechelewa, daladala ya kutoka Pasua ilijaa mpaka konda mwenyewe alikuwa ananing'inia mlangoni.

Nimeambiwa niongee kuhusu vijana na vitabu. Sasa mi sio mwalimu, wengi mnanijua, nina kasteshenari kangu hapa Moshi mjini, natoa fotokopi, nalaminisha vyeti, nauza madaftari, na Jumamosi mchana nikishafunga ndo vijana wanakuja tunakaa kwenye mabenchi pale nje tunabishana kuhusu wahusika wa vitabuni, nani anampenda nani na kwa nini. Yani ndo hivyo tu, hatuna katiba wala mweka hazina.

Ila kwanza niungame. Kinachonilipia kodi ya fremu ni madesa. Si mnayajua, yale makaratasi ya uhakiki yamebanwa na stepla, kitabu kizima kimekamuliwa humo, dhamira, ujumbe, falsafa, wahusika na sifa zao, mtoto anakariri usiku mmoja asubuhi anaingia kwenye mtihani anajibu swali la riwaya anapata maksi zake vizuri tu na kitabu chenyewe hajawahi kukishika. Na mimi ndo namtolea kopi. Walimu mnaonicheka hapo mbele, orijino mnaniletea nyinyi.

Sasa siku ya kwanza nikawaambia kila mtu aseme mhusika wake anayempenda kwenye kitabu cha Takadini, nikadhani patachangamka. Wapi! Anasimama wa kwanza, "Mimi nampenda Sekai, kwanza ni mvumilivu, pili ana mapenzi ya dhati, tatu ni jasiri." Anakaa. Wa pili, "Mimi nampenda Takadini, kwanza ni mvumilivu." Wa tatu naye mtu wake mvumilivu. Nikasema he, kitabu gani hiki kila mtu anavumilia? Kumbe ni desa linaongea, na lenyewe nilikuwa nimelitolea kopi mimi wiki hiyohiyo.

Ndo ikaja sheria yetu moja, na hata sikuitunga mimi, aliianza dogo mmoja wa kidato cha pili, mbishi kweli yule, mtu akisema "ni jasiri" yeye anadakia "ukurasa wa ngapi?" Mwanzoni ilikuwa utani, baadaye ikawa ndo sheria yenyewe. Huna ukurasa, kaa chini. Wiki mbili za kwanza karibu wote tulikaa chini, na mimi nikiwemo.

Ugomvi wa kwanza wa maana ukawa huohuo wa Sekai na Takadini. Kwa ambao hamjasoma, ni kitabu cha Ben Hanson, mambo yanatokea Zimbabwe kwa Washona, Sekai kasubiri mtoto miaka na miaka, anakuja kumpata, mtoto ana ualbino, na mila za pale zinasema mtoto wa hivyo haachwi akaishi, basi mama anambeba anatoroka naye. Kwenye desa imeandikwa Takadini mhusika mkuu, nukta. Binti mmoja akasimama akasema haiwezekani, jina la kitabu ni la mtoto lakini mtoto kabebwa tu mgongoni, anayetembea ni mama, anayeogopa ni mama, anayeamua ni mama, sasa mkuu ni nani, aliyebeba au aliyebebwa? Kijana mwingine akasema subiri, mtoto anakua, akishakua na yeye anatembea mwenyewe, na watu wanamwangalia yeye sio mama yake. Akaulizwa ukurasa wa ngapi, anao! Aisee ilikuwa raha. Wakarudi kusoma upya kitabu ambacho nusu yao walikuwa wameshakifanyia mtihani.

Halafu mtoto mmoja wa kiume, mpole, haongeagi kabisa, akauliza, "Sasa Sekai jua lilipokuwa kali alikuwa anampaka nini?" Hapa kwetu si hospitali ya KCMC wanatengeneza ile losheni ya Kilisun ya kukinga ngozi za wenye ualbino na jua, na huyu kijana alikuwa anaifahamu kwa sababu zake ambazo sikumuuliza. Watu kimya, kila mtu anafunua kurasa. Hilo swali hulikuti kwenye desa lolote, na nimetoa kopi za madesa mengi sana jamani.

Rosa Mistika nitampitia haraka maana naona kuna wachungaji humu. (Kicheko.) Marehemu Kezilahabi alikitoa mwaka 1971 na kuna kipindi kilipigwa marufuku mashuleni, kwa hiyo mzazi aliyekuja dukani kunilalamikia nilimwelewa, hajawa wa kwanza. Ila niseme hivi, wavulana walikuja wamejipanga kumhukumu Rosa kwa mambo yake na wanaume, wasichana wakafungua pale baba yake, Zakaria, anampiga kisa barua ya mvulana, wakasema tuanzie hapa, na hukumu haikutoka mpaka giza likaingia.

Lakini aliyetumaliza ni Ngoswe. Yule karani wa sensa kwenye tamthilia ya Edwin Semzaba, katumwa kijijini kuhesabu watu, anampenda Mazoea binti wa Mzee Mitomingi, anatoroka naye, mzee kwa hasira anachoma karatasi zote za sensa. Kuna msemo ya Ngoswe muachie Ngoswe, basi sisi hatukumuachia.

Mmoja akaanza eti huyu Ngoswe mzembe kweli, kwa nini hakutumia kishikwambi? Maana wao sensa wanayoijua ni ile ya Agosti 2022, karani kaja na kishikwambi kaondoka. Ikabidi niwaeleze kwamba sensa za zamani, 1967, 1978, 1988, zilikuwa za makaratasi, ukiyachoma umechoma kazi. Hapo ndo wakamkasirikia Mitomingi kabisa, kachoma mali ya taifa kwa mambo ya nyumbani kwake.

Sasa yule binti aliyemtetea Sekai akasimama akasema mhusika anayempenda yeye ni Mitomingi. Watu wakaguna. Akasema nyie mnapenda watu wazuri, mi napenda mtu ninayemuelewa, baba yangu mimi angechoma na ofisi. Nilicheka mpaka machozi, lakini hakuwa anatania. Mvulana mmoja akamjibu mkosaji ni Mazoea, ndo kakubali kuondoka. Yule binti akamuuliza Mazoea kaongea mara ngapi humo ndani? Hakuna anayejua. Basi tukafanya sensa! Kalamu na karatasi, tunahesabu mhusika mmoja mmoja kaongea mara ngapi, wa kiume huku, wa kike huku. Sitawapa hesabu, nanyi mna macho. Ila yule mvulana alipoona daftari alisema ngoja nisome tena kwanza, na tangu nianze haya mambo hilo ndo jibu ninalolipenda kuliko yote.

Mwalimu mmoja aliniambia dada yangu unawapotezea muda, mtihani hauulizi unampenda nani, unauliza thibitisha kwa hoja tatu. Kweli kabisa, hauulizi. Ila na mimi nikamuuliza, mtoto asiyempenda wala kumchukia mtu yeyote kwenye kitabu, hoja tatu atazitoa wapi kama sio dukani kwangu? Hatukuafikiana, ila bado ananiletea kopi.

Nimalizie na hili. Juzi yule binti anayempenda Mitomingi kaja dukani siku ya kazi, sio Jumamosi, anataka Ngoswe. Nikampa desa. Akaniangalia, "Dada, nataka kitabu." Nikatafuta fremu nzima, kitabu hamna, nina kurasa za kuelezea kitabu na kitabu chenyewe sina. Nikaenda nyumbani nikamletea changu, kimechanika jalada, kimeandikwaandikwa pembeni toka nikiwa shule. Mpaka leo hajarudisha. Yuko pale nyuma, yule mwenye sweta la kijani anayejificha. Haya, maswali.