Ngazi za Udongo katika Vilima vya Dorset

Ndugu wasikilizaji, karibuni. Naomba mtazame picha hii ya bonde la Winspit, karibu na kijiji cha Worth Matravers, Dorset, kusini mwa Uingereza. Kushoto na kulia kwenu vilima vimepangika ngazi, moja juu ya nyingine, zote zimeota nyasi. Wengi hudhani ni maumbile. Hapana, hayo ni mashamba ya Zama za Kati.

Zilijengekaje? Mkulima aliwaswaga maksai wake wakikata ubavu wa kilima, hawakupanda wala kushuka. Plau ikigeuza udongo, sehemu yake huporomoka kidogo kwenda chini. Unapofika mpakani, pasipolimwa, hukwama na kurundikana, huku upande wa juu ukizidi kuchimbika. Vizazi vikapita, mteremko ukawa tambarare nyembamba yenye ukingo mkali. Simameni chini ya baadhi ya kingo hizo: zinampita mtu mzima kimo!

Lakini nani angehangaika kulima pale kama bondeni kuna nafasi? Nafasi ilikuwa imekwisha. Mwaka 1086 Uingereza ilikadiriwa kuwa na watu milioni 2 hivi. Kufikia 1300 walikuwa zaidi ya maradufu. Kwangu mimi kila ngazi ni ushahidi wa familia iliyobanwa na njaa, na inastahili heshima kama kanisa lolote la kale.

Kisha mvua za 1315 hadi 1317 zikaozesha mazao, watu wakafa njaa. Mwaka 1348 tauni ikaingia kupitia bandari ya Melcombe, huko huko Dorset, ikaua karibu nusu ya watu nchini. Wa kulima wakawa haba, miteremko mingi ikaachiwa kondoo. Nyasi zikaushika udongo, na ndiyo sababu leo tunaziona ngazi hizi, hasa jua likiwa chini na kila ukingo ukitupa kivuli.

Adui wa sasa ni trekta. Sheria ya mwaka 1979 inalinda maeneo ya kale yaliyoorodheshwa, lakini palipokuwa pakilimwa tayari, kilimo kinaweza kuendelea. Hilo nalipinga waziwazi. Ruhusa hiyo ifutwe kwenye ngazi hizi, na mkulima alipwe fidia ili abakize malisho.